UZI: Vijembe vya wachekeshaji wa Uingereza, komedi mbadala na wakongwe. Hasa aliyekuwa anapigwa dongo ni nani?

#1 Kibatari

Wakuu, salaam.

Niliishi Manchester miaka tisa, na karibu kila Alhamisi usiku nilikuwa kwenye vichekesho. Si vya runinga, vya jukwaani: mtu mmoja, kipaza sauti kimoja, na watu waliokwishalipa kiingilio wanamkodolea macho kama mdaiwa. Sasa nimerudi Dar, lakini kuna jambo la kule bado linanikereketa, na humu najua wamo wadau waliokaa Uingereza kabla yangu.

Ni ule ugomvi wa wachekeshaji wa komedi mbadala, vijana walioibuka kuanzia 1979, na wale wa mkondo mkuu, wakongwe wa klabu na runinga. Wamerushiana madongo zaidi ya miaka 40. Kila ninapousoma, unasimuliwa kama hadithi ya vijana wema waliowashinda wazee wabaya. Mimi nasema madongo yale mara nyingi yalimpita mchekeshaji yakampata mwingine kabisa, yaani yule aliyelipa kiingilio akacheka.

Kwa wasioujua. Kabla ya 1979, ukitaka kuwa mchekeshaji Uingereza ulipitia klabu za wafanyakazi, zile kumbi za wachimba makaa na watu wa viwandani, hasa kaskazini. Bia ipo, bingo ipo, anaimba mwimbaji, halafu anapanda bwana wa suti na tai ya kipepeo. Mama mkwe, Mwairishi mjinga, Mpakistani jirani, Mwafrika. Vichekesho vile havikuwa na mwenyewe. Kila mtu alivichota kama maji ya kisima, na wiki moja ungeweza kusikia kilekile kwa watu wanne. Bernard Manning, mtoto wa muuza mboga wa Ancoats, alifungua klabu yake, Embassy, mtaa wa Harpurhey, Manchester, mwaka 1959. Mwaka 1971 televisheni ya Granada ikamweka yeye na wenzake, akina Frank Carson na Charlie Williams, kwenye kipindi cha The Comedians. Nchi nzima ikawajua.

Tarehe 19 Mei 1979, pale Soho, London, juu ya klabu ya wacheza uchi, Peter Rosengard na Don Ward wakafungua Comedy Store. Mshereheshaji wa kwanza alikuwa Alexei Sayle, mtoto wa Liverpool aliyelelewa na wazazi wakomunisti, suti imembana, matusi yanatoka kama risasi. Jukwaani kulikuwa na upatu: ukishindwa kuchekesha, watu wanapiga kelele, upatu unagongwa, unashuka. Mwaka huohuo Sayle na Tony Allen wakaanzisha Alternative Cabaret, wakizunguka kwenye baa kwa msimamo mmoja, kwamba hakuna kichekesho cha ubaguzi wa rangi wala cha kumdhalilisha mwanamke. Mwaka 1980 Peter Richardson akafungua klabu ya Comic Strip na akina Rik Mayall, Ade Edmondson na Nigel Planer, kisha wakaja Dawn French na Jennifer Saunders. Nao walikuwa ndani ya jengo la Raymond Revuebar, ambamo ukumbi wa pili wanawake walikuwa wakivua nguo kwa kiingilio. Novemba 1982 televisheni ya Channel 4 ilipoanza kurusha matangazo, kundi hilo lilikuwamo usiku wa kwanza. Wiki moja baadaye BBC2 ikaanza The Young Ones, kipindi cha vichekesho cha akina Mayall.

Kuanzia hapo ni madongo tu. Vijana waliwaita wazee wabaguzi na wavivu wanaoishi kwa vichekesho vya kuokota. Wazee wakajibu kwa kijembe kimoja kilichozagaa kila kona: hii kweli ni komedi mbadala, mbadala wa kuchekesha.

Sasa tazameni jambo hili. Mayall, Edmondson na mwenzao wa komedi mbadala Ben Elton wote walisomea maigizo Chuo Kikuu cha Manchester. Kutoka chuoni hadi Embassy ya Manning ni safari fupi ya basi. Mji mmoja huohuo! Lakini waliokaa kwenye viti vya huku hawakukanyaga kule, na wa kule hawakukanyaga huku.

Mimi nilikanyaga kote. Mwaka 2004 mwenzangu wa kazini, mzee mmoja fundi umeme, alinipeleka kwenye klabu ya wafanyakazi kaskazini mwa jiji. Tulicheza bingo kwanza. Mchekeshaji alipopanda, macho yake yalinifikia haraka, maana mweusi nilikuwa peke yangu. Akauliza ni nani aliyezima taa pale kwenye kona. Ukumbi ukavuma. Nilihisi masikio yanawaka, na mkono wangu ukawa umeshika glasi kwa nguvu. Meza yetu alikuwepo mama mmoja mtu mzima, nywele ameziseti kwa ajili ya usiku huo, vidole vimevimba viungo. Aliushika mkono wangu, akanisogezea sahani yake ya pai na vitunguu vya siki, akasema, "Kula, mwanangu."

Kama mwezi baadaye nilikuwa kwenye chumba cha juu ya baa moja karibu na chuo. Kijana alipanda amejaza mto tumboni, amevaa tai ya kipepeo, akaigiza mchekeshaji wa klabu: lafudhi nzito ya kaskazini, jasho, kikohozi cha sigara. Mpaka hapo sawa. Halafu akaanza kuwaigiza wanaomcheka. Wanawake wa bingo. Meno yao, nywele zao, vicheko vyao. Chumba kizima kilikuwa hoi kwa kucheka, na nilipotazama huku na huku sikuona mtu aliyefanana na wale wanaoigizwa. Nikamkumbuka yule mama na vidole vyake.

Hilo ndilo ninalolileta mezani. Ukimkejeli mchekeshaji kwa kazi yake, ni halali, ni kazi kwa kazi. Lakini kejeli za pande zote mbili zilikuwa na mkia, na mkia ulimchapa mtu asiye na kipaza sauti. Karibuni.

#2 Nahodha Mstaafu

Mkuu Kibatari, umeandika vizuri ila naomba nitofautiane nawe mapema. Usiweke mizani sawa mahali ambapo haiko sawa. Manning hakuwa anataniana na watu. Mwaka 1995 kipindi cha uchunguzi cha runinga, World in Action, kilimrekodi kwa siri kwenye hafla ya chakula cha jioni ya polisi Manchester, anamwaga vichekesho vya kibaguzi, na afisa mmoja mweusi amekaa palepale katikati ya wenzake anageuzwa kitoweo. Maafisa wenzake wanacheka. Na kipindi hicho kilikuwa cha Granada, kampuni ileile iliyomwibua kwa The Comedians mwaka 1971. Kwa hiyo hata waliomkuza waliona aibu.

Aliyecheka kwenye hafla ile alikuwa na pingu na kirungu kazini kesho yake. Huyo naye tumhurumie kwamba amekejeliwa na wanafunzi?

#3 Kibatari

Nahodha, hapo sina ubishi. Tukio la 1995 linanipa hoja kuliko linavyoninyang'anya: yule afisa ndiye mtu ninayemsema. Amekaa kwenye kiti, hana kipaza sauti, na ukumbi mzima umegeuzwa silaha dhidi yake. Sikusema makosa ya pande mbili yanalingana kwa uzito. Nasema njia ya kumfikia mtu wa kwenye kiti ni ileile.

#4 Bi Mkubwa Leicester

Wanangu, mimi nilikuwa Uingereza tangu 1974, nimelea watoto watatu kule. Naomba mnisikilize.

Runinga ilikuwa moja, sebuleni. Jumamosi usiku nchi nzima inatazama kitu kimoja. Jumatatu mwanangu wa kwanza anarudi kutoka shule, amekaa kwenye ngazi na koti hajavua, hataki kula. Nikimuuliza, ananisimulia kichekesho kilekile nilichokisikia Jumamosi, neno kwa neno, ila sasa mahali pa "mtu mweusi" wameweka jina lake. Alikuwa na miaka minane. Hili halikutokea mara moja. Nilifika mahali najua Jumapili kabisa Jumatatu atatukanwa nini.

Kwa hiyo walipokuja hawa vijana, wengine wachafu, wanapiga kelele, wanavunja viti kwenye runinga, mimi sikuelewa nusu ya waliyosema. Lakini Jumatatu zilibadilika. Watoto shuleni walianza kuigiza wale wahuni wa The Young Ones badala ya kumwigiza mwanangu. Kibatari, unasema kejeli yao iliwapata waliocheka. Iwapate! Waliocheka ndio waliozaa wale waliokuwa wanamsubiri mwanangu getini.

#5 Mlenda wa Mbagala

Bi Mkubwa, shikamoo. Hapo kwenye koti hajavua nimesimama kusoma.

#6 Nahodha Mstaafu

Shikamoo Bi Mkubwa. Niongeze kuhusu watu weusi waliokuwa jukwaani kwenyewe, maana huwa wanasahaulika.

Charlie Williams, baba yake alitoka Barbados, yeye kazaliwa Yorkshire, kachimba makaa, kacheza beki wa kati Doncaster Rovers, halafu akawa nyota wa The Comedians. Mtu akimzomea ukumbini, alimtisha kwamba asiponyamaza atahamia nyumba ya jirani yake. Watu walivunjika mbavu. Vijana wa baadaye walimlaumu sana kwa hilo, kwamba anawapa wabaguzi wanachotaka. Mimi kila nikifikiria, namwona mtu mweusi mmoja mbele ya ukumbi wa wachimba makaa mwaka 1965, na najiuliza ni silaha gani nyingine aliyokuwa nayo mfukoni.

Halafu Lenny Henry, mtoto wa Dudley, wazazi Wajamaika. Alishinda New Faces, shindano la vipaji la runinga, mwaka 1975 akiwa na miaka 16. Wakamchukua wakamweka kwenye maonyesho ya jukwaani ya Black and White Minstrels, ambamo wazungu wanajipaka masizi usoni, yeye peke yake ndiye mweusi asiyehitaji kujipaka. Kakaa humo miaka, na mwenyewe amesema mara nyingi namna kulivyomtafuna moyo. Baadaye akakutana na kundi la Comic Strip, akafunga ndoa na Dawn French mwaka 1984, na vichekesho vyake vikageuka kabisa. Huyu alivuka mto akiwa na miguu yake. Ukitaka kujua kama komedi mbadala ilikuwa na maana, usiwaulize wazungu waliogombana. Muulize yeye.

#7 Zimwi la Kariakoo

Sawa, ila msiwafanye malaika hao vijana. Ben Elton ndiye aliyemmaliza Benny Hill, mkongwe wa vichekesho vya runinga. Marehemu baba alikuwa na kanda zake za video, nyumba nzima tunacheka na hatujui Kiingereza hata cha kuombea maji. Yule mzee hakuhitaji lugha. Kijana wa suti ya kung'aa akamsema kwenye magazeti, kipindi kikafutwa 1989, mzee akafa 1992 peke yake kwenye fleti. Hilo nalo mnaliitaje?

#8 Fundi Redio

Zimwi, habari hiyo imesambaa sana lakini haijakaa hivyo. Mwaka 1987 Elton alisema kwenye mahojiano kwamba inamtia wasiwasi kuona Benny Hill anakimbiza wanawake nusu uchi bustanini wakati Uingereza mwanamke hawezi kupita bustanini kwa usalama. Hicho ndicho alichosema. Aliyemfukuza Hill ni kampuni ya runinga iliyokuwa ikimrusha, Thames. Kipindi kilikuwa ghali, na watazamaji walikuwa wameshuka kutoka zaidi ya milioni 21 mwaka 1971. Mchekeshaji aliyesimama jukwaani hana uwezo wa kufuta mkataba wa mtu. Mwenye fedha ndiye anayefuta, halafu lawama anamwachia mwenye mdomo.

Na Elton mwenyewe alikubali baadaye kuigiza na mchekeshaji Harry Enfield kipande cha "Benny Elton", anakimbizwa na wanawake wenye hasira kwa muziki uleule wa Benny Hill. Alijitoa achekwe.

Kwa Marekani ugomvi wa namna hii uliwaka 2005. Mchekeshaji David Cross alimponda mchekeshaji mwenzake Larry the Cable Guy kwenye jarida la Rolling Stone, Larry akamjibu ndani ya kitabu chake, Cross akaandika barua ya wazi ndefu. Huyo Larry jina lake Dan Whitney, mtu wa Nebraska, ile lafudhi ya kusini ni vazi la kazini. Jambo linalomuunga mkono Kibatari ni kwamba utetezi wa Larry ulikuwa kwamba Cross anawatukana mashabiki wake, watu wa kawaida wanaofanya kazi. Aliwaweka mashabiki mbele kama ngao. Kwa hiyo mtu wa kwenye kiti hapigwi tu, anatumiwa pia.

#9 Zimwi la Kariakoo

Fundi, hiyo ya mwenye fedha nimeipokea. Ya baba na kanda zake bado inauma, lakini nimeipokea.

#10 Mwanagenzi

Wakuu mimi ndiyo kwanza naanza kupanda majukwaa madogo hapa mjini, miezi saba sasa. Naomba kuuliza. Hawa wachekeshaji wa sasa, Stewart Lee na Michael McIntyre, nao ni ugomvi huohuo? Maana Lee nimemwona anamsema McIntyre vibaya mno, na ukumbi unacheka, na nilicheka.

#11 Kibatari

Mwanagenzi, swali lako ndilo lililonifanya nifungue uzi.

Ni mjukuu wa ugomvi uleule, ila mahali pamehama. McIntyre si mbaguzi, hamtukani mtu. Anaongea kuhusu droo ya jikoni iliyojaa makorokoro, foleni, watoto kukataa kuvaa viatu. Anajaza O2 Arena, ule ukumbi mkubwa wa London. Kosa lake kwa akina Lee ni kwamba ni laini na anapendwa na wengi mno. Lee, kwenye onyesho la mwaka 2009, alimfananisha na mtu anayewalisha watazamaji uharo kwa kijiko. Sikiliza tena sentensi hiyo. Anayelisha ni McIntyre. Anayekula ni nani? Ni familia iliyolipa nauli ya treni kwenda kumwona.

Lee ni fundi, sitaki mtu aseme namchukia. Anaweza kurudia neno moja dakika tano mpaka likukere, kisha likuchekeshe, kisha likutie huzuni. Anasema yule wa jukwaani ni mhusika, mtu mwenye kijicho na majivuno, si yeye. Naamini. Na haki yake naitambua aliposimamia jambo la Michael Redmond. Redmond, Mwairishi, alikuwa anapanda jukwaani, anasimama kimya muda mrefu na uso wake wa majonzi na koti refu, halafu anasema watu wengi humwambia, "Toka bustanini kwangu!" Kichekesho hicho kilikuwa ni uso wake, kimya chake, koti lake. Lee akadai Joe Pasquale, mchekeshaji wa runinga, amekichukua, akatengeneza kipande kizima cha kumsulubu. Hapo nilimpigia makofi. Kazi ya mtu ni ya mtu, na enzi za kisima cha wote zilikwisha 1979.

Ila la McIntyre ni tofauti. Mwaka 2011, kwenye Desert Island Discs, kipindi cha redio cha BBC, alieleza namna maneno ya wachekeshaji wenzake yalivyomuumiza. Hakuiba, hakubagua. Alipendwa tu, na watu waliompenda wakaonekana wajinga.

Wewe bado mgeni jukwaani, kwa hiyo nikuambie ninachokiona. Kabla hujamsema mwenzako, mweke mbele yako mtu mmoja anayempenda huyo mwenzako. Mtu mwenye uso. Kisha useme.

#12 Nahodha Mstaafu

Kibatari, hilo ni gumu kwa mchekeshaji. Sayle pale Comedy Store aliwachamba watazamaji wake mwenyewe, wasomi wa mrengo wa kushoto waliokaa mbele yake, na ndicho kilichomfanya kuwa mkubwa.

#13 Kibatari

Ndiyo, kwa sababu walikuwa mbele yake! Waliweza kumzomea, kuomba upatu, kuondoka. Nenda kasome habari za Tunnel, klabu ya vichekesho ya Malcolm Hardee, Greenwich, kuanzia 1984. Pale wanaokaa kwenye viti walikuwa wakali kuliko walio jukwaani, wachekeshaji walipanda wanatetemeka. Ni vita ya uso kwa uso. Ninayoikataa ni ile ya kuwachamba watu walio maili tano kutoka hapo, wanacheza bingo, hawajui kama wanachambwa.

Na niweke moja la mwisho, kwa sababu linanigusa kila mara. Bob Monkhouse. Mkondo mkuu mtupu, mtangazaji wa vipindi vya michezo ya zawadi, rangi ya jua la bandia, tabasamu la kuuza sabuni. Vijana walimtania miaka mingi kwamba ni mafuta matupu, yaani anateleza tu na hana ukweli. Mtu huyo alikuwa anaandika kila kichekesho kwa mkono kwenye majalada, na michoro pembeni. Mwaka 1995 majalada mawili yakaibwa, akatangaza zawadi kwa atakayeyarudisha, na ilichukua zaidi ya mwaka kuyapata. Ndipo wengi walipojua kwamba yule mtu wa mafuta alikuwa mwandishi muda wote.

Mwaka 2003, saratani imeshamfika pabaya, alifanya onyesho kwenye klabu ndogo London, na walioalikwa kukaa kwenye viti walikuwa wachekeshaji, wengi wa kizazi kipya. Alikufa Desemba 29 mwaka huohuo. Rekodi ipo, nimeitazama mara nyingi. Simtazami yeye, natazama wanaomtazama. Wamekaa sawasawa na wanavyokaa watu wa kawaida, wameegemea mbele, midomo wazi kidogo, wanasubiri kuchekeshwa.

#14 Mwanagenzi

Nimeipata hiyo rekodi. Naitazama usiku huu. Asante mkuu.

#15 Bi Mkubwa Leicester

Kibatari mwanangu, nimesoma mpaka mwisho. Kuna kitu umekiruka pale mwanzo. Yule mama wa mezani, aliyekusogezea sahani. Yule bwana alipouliza nani kazima taa, mama yule alicheka au hakucheka?

#16 Kibatari

Alicheka, Bi Mkubwa. Alicheka na wenzake wote, kisha akageuka akaniona. Ndipo akanisogezea sahani.